Barabara Huanzia Katika Karatasi

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Mombasa. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu na hawakuweza kufika.



Tumetakiwa tuseme juu ya barabara, na bila shaka wako watakaouliza: chama cha wafanya kazi na barabara, wapi na wapi? Kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi, likizo, na mtu aliyeachishwa kazi bila haki. Swali hilo ni zuri, nasi twalijibu kwanza kabla ya kuendelea.

Mshahara wa mfanya kazi huanza kuliwa kabla hajafika kazini. Tufanye hesabu ya mfano. Mtu akitoa shilingi 50 kwenda na shilingi 50 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600 kila mwezi. Sasa chama kikae mezani na tajiri muda wa miezi sita, kipate nyongeza ya shilingi 2,600, kisha njia ya kwendea kazini igeuzwe, hata mtu aliyekuwa akivuka bure awe sasa alipa nauli. Nyongeza ile imekwenda wapi? Imepita mikononi mwetu tu. Kwa hivyo njia ya kwendea kazini ni neno la chama, sawasawa na mshahara wenyewe.

Jambo tunalotaka kulisema leo ni moja, nalo ni hili. Barabara haianzi siku tingatinga linapokuja mtaani. Huanza katika karatasi, miaka mingi mbele yake. Katika siku za karatasi, barua moja iliyoandikwa vizuri yaweza kusogeza mstari, au kuongeza njia ya watu wa miguu, au kumtia mpangaji katika orodha ya watakaolipwa. Siku ya tingatinga, kilio cha mtaa mzima hakisogezi kitu. Nasi wafanya kazi, mara nyingi, tumezoea kuja siku ya tingatinga.

KIVUKO CHETU NA DARAJA LINALOPANGWA

Twaanza na mahali tunapopajua sote. Mji wetu ni kisiwa. Upande wa Nyali watu walivuka kwa daraja la kuelea tangu mwaka 1931, hata lilipofunguliwa daraja la sasa mwaka 1980. Upande wa bara magharibi tunazo njia za Makupa na Kipevu. Upande wa kusini, Likoni, tegemeo letu ni feri. Hesabu ambayo imetajwa mara nyingi ni watu zaidi ya 300,000 na magari zaidi ya 6,000 kwa siku moja. Wengi wa watu hao huvuka kwa miguu, na mtu wa miguu halipi; gari ndilo lilipalo.

Feri ni msaada, lakini pia ni mateso. Ikiharibika moja, foleni yafika mbali, na karani wa zamu haandiki kwamba feri iliharibika. Huandika kwamba fulani kachelewa. Na yako mabaya zaidi ya kuchelewa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, watu 272 wakafa. Mtu aliyekumbuka siku ile hawezi kusema kwamba mambo na yabaki kama yalivyo. Basi asitokee mtu akaenda akisema kwamba chama kinapinga madaraja. Chama hakipingi. Chama kinauliza: daraja la nani, lipite wapi, na nani atakayelipa?

Tumekwisha kuona mfano mmoja. Barabara ya Dongo Kundu, yenye urefu wa karibu kilomita 17 na nusu, yatoka Miritini, yavuka maji ya Mwache na Mteza, yafika Kibundani katika barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Kipande cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2018, na mwaka 2024 magari yakaanza kupita mpaka upande wa pili. Ni kazi kubwa, na faida yake yaonekana. Lori litokalo Nairobi kwenda Kwale au Tanzania halina haja tena ya kuingia kisiwani na kungoja feri. Mgeni aendaye hotelini Diani hushuka katika ndege Moi na kupita huko huko. Lakini mtu wa Likoni afanyaye kazi kisiwani, aliyezoea kushuka kwa miguu mpaka kivukoni, barabara hiyo haikumfupishia safari. Bado yeye ni mtu wa feri. Hatusemi hivyo kwa kulalamika. Twataka mwone kwamba barabara moja yaweza kuwa baraka kwa mzigo na isiwe kitu kwa mchukuzi wa mzigo.

Sasa liko daraja jingine linalopangwa, liitwalo Mombasa Gate, la kuunganisha kisiwa na Likoni moja kwa moja. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ndiyo yenye mradi, na mwaka 2019 shirika la Japani la JICA lilitia saini mkopo kwa ajili yake. Ndilo tutakalolitumia kama somo letu leo.

Fikirini juu ya kimo chake. Meli kubwa ziingiazo Kilindini sharti zipite chini yake. Kwa sababu hiyo limechorwa liache nafasi ya karibu mita 69 kutoka majini. Hapo sisi watu wa bandari twasema naam. Daraja la chini lingekuwa kama komeo katika mlango wa bandari, na kazi zetu zote zimo ndani ya mlango huo.

Lakini gari halipandi mita 69 kama mtu apandaye ngazi. Sharti lipewe mteremko wa taratibu. Tufanye hesabu ya mfano tena: barabara ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, basi kufika mita 69 yataka mita 1,380 za kupanda upande mmoja, na kiasi hicho hicho kushuka upande wa pili. Ongezeni daraja lenyewe katikati. Mkondo ambao feri yauvuka ni karibu nusu kilomita tu, lakini mtu atakayevuka juu kwa miguu atakwenda zaidi ya kilomita tatu, katika jua, na pengine ana kikapu kichwani. Kwa mwendo wa mtu ni kama dakika arobaini au zaidi.

Ndugu, hesabu hiyo yazaa maswali mawili makubwa. La kwanza: je, daraja likishakwisha, feri ya watu wa miguu itaendelea, tena bila malipo? Maana ikiondolewa kwa kusemwa kwamba sasa daraja lipo, basi mtu aliyekuwa akivuka bure atalazimika kupanda matatu, na tumerudi katika ile hesabu ya shilingi 2,600. La pili: miteremko hiyo mirefu itakaa juu ya ardhi ya nani? Ardhi hiyo haiko tupu. Kisiwani zimo nyumba, na Likoni zimo nyumba, maduka, misikiti, makanisa na meza za wachuuzi.

Maswali haya mawili hayajibiwi na injinia peke yake. Hujibiwa katika karatasi tutakazozieleza sasa.

KARATASI ZENYEWE NI ZIPI

Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya kusimamia na kuratibu mazingira. Sheria hiyo yasema mradi mkubwa kama barabara kuu usianze kabla haujafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na kabla NEMA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, haijatoa leseni. Wengi wakisikia neno mazingira hufikiri ni habari za ndege na samaki na miti tu. Hiyo ndiyo sababu watu wetu hawaji. Lakini kanuni zilizotungwa mwaka 2003 chini ya sheria hiyo ziliagiza wachunguzi watazame pia athari kwa uchumi wa watu, kwa afya yao, kwa umoja wa jamii, kwa watu kuhama na kuhamia, na hata njia zitakazofunguliwa, zitakazofungwa na zitakazogeuzwa. Njia zitakazofungwa! Basi swali la feri ni swali la mazingira kwa maneno ya sheria yenyewe. Asije mtu akakuambia katika mkutano kwamba hilo si mahali pake.

Uchunguzi huo hufanywa na wataalamu waliopewa kibali na NEMA, lakini mwenye mradi ndiye awalipaye. Hatusemi kwamba mtaalamu atasema uongo kwa kuwa alipwa na mwenye mradi. Twasema hivi: mtaalamu huandika yale aliyoyaona na aliyoambiwa. Akija Likoni saa nne ya asubuhi, wafanya kazi wote wako kazini. Atawakuta mwenye nyumba na mwenye duka, atawauliza hao, na kitabu chake kitasema maneno yao. Hakuna hila hapo. Ni saa tu.

Kanuni zile za mwaka 2003 ziliweka mambo ambayo mwenye mradi hana budi kuyatimiza wakati wa uchunguzi. Yashikeni, maana ndizo silaha za mtu mnyonge:

Kwanza, abandike matangazo mahali pa watu karibu na mradi, atangaze katika gazeti la nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo, na katika redio, kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji.

Pili, afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, akieleza mradi na athari zake na kupokea maneno yao, ya mdomo na ya maandishi.

Tatu, habari ya mkutano itolewe si chini ya wiki moja mbele, na mahali na saa viwe vya kuwafaa wale watu.

Nne, awepo mtu wa kupokea na kuandika maneno hayo, pamoja na tafsiri zake.

Tazameni lile la tatu: mahali na saa viwe vya kuwafaa watu. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi wawafaa akina nani? Chama kina haki ya kuandika na kuomba mkutano wa jioni au wa Jumapili, na barua hiyo ikibaki katika faili ni ushahidi.

Kitabu cha uchunguzi kikisha, hupelekwa NEMA, nayo hutangaza ili watu wakisome na kutoa maoni. Tangazo hutaja kitabu kiko ofisi gani na siku za kupokea maoni, na mara nyingi siku hizo ni 30 tu. Kitabu chenyewe ni kinene, tena kwa Kiingereza cha wataalamu. Mtu mmoja hawezi kukimaliza baada ya zamu. Lakini watu kumi wakigawana sura kumi, wiki moja yatosha. Tafuteni humo mambo matatu. Je, wameeleza njia nyingine zilizofikiriwa, na kwa nini hazikuchaguliwa? Je, wameandika jinsi ya kuzuia kila dhara, kwa fedha kiasi gani, na nani atakayefanya? Na je, wale watu wa namna yako wametajwa?

WASIOANDIKWA

Hapo ndipo penye uzito wa hotuba yetu. Karatasi za barabara huwaona wepesi watu wenye karatasi. Mwenye hati ya ardhi huonekana mara moja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40, yasema ardhi yake ikichukuliwa kwa faida ya umma alipwe kwa haki, kamili na upesi. Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza katika Gazeti la Serikali na kuita baraza la kusikiza madai. Hayo ni mema, lakini tutazame wengine.

Mombasa tuna desturi ambayo haiko sana kwingine: nyumba ni ya mtu huyu, na kiwanja ni cha mtu yule. Mzee amejenga kwa mikono yake, alipa kodi ya kiwanja mwaka baada ya mwaka, wala hana hati ya ardhi. Barabara ikipita, nani ahesabiwe nini? Katiba katika kifungu hicho hicho imefungua mlango kwa watu wakaao kwa nia njema bila hati, kwamba nao waweza kulipwa. Lakini mlango ukifunguliwa haukuvuti ndani. Ni wewe upite, na risiti za kodi ya kiwanja mkononi.

Yuko mpangaji wa chumba. Nyumba ikivunjwa, mwenye nyumba alipwa. Mpangaji aambiwa atafute kwingine, na vyumba vya karibu vimepanda bei kwa kuwa wote wanatafuta siku moja. Watoto wake wahama shule katikati ya mwaka. Yuko mama auzaye mahamri kivukoni, na mwenye mkokoteni, na dereva wa tuktuk ngazi zake zilipo pale pale penye feri. Riziki yao yatoka kwa watu wapitao. Watu wakipita juu hewani, riziki imepita juu nayo. Yuko mvuvi, ambaye mahali pake pa kazi ni maji, na maji hayana hati. Na wako ndugu zetu wafanyao kazi katika feri zenyewe: je, watahamishiwa kazi nyingine, au wataaga?

Hawa wote wana haki ya kuhesabiwa. Maagizo ya JICA kwa miradi inayoikopesha yasema watu watakaohamishwa washauriwe mbele, walipwe vya kutosha, na hali yao ya maisha isipungue kuliko ilivyokuwa. Tena yako maagizo ya kupeleka malalamiko: watu wawili au zaidi wakaao katika nchi ya mradi waweza kuandika kwa JICA wakisema kwamba maagizo hayakufuatwa. Watu wawili! Tawi letu dogo kuliko yote lina zaidi ya hao.

Lakini katika kila mradi wa namna hii huwekwa siku ya kuhesabu watu. Aliyekuwapo siku ile na kuandikwa, yumo. Aliyekuwa zamu na nyumba yake ikakutwa imefungwa, yuko hatarini asiwemo. Kwa hivyo twasema kwa mkazo: siku ya kuhesabiwa ikitangazwa, mtu na aache jirani au mkewe au mumewe au mtoto mkubwa nyumbani, na nakala ya kitambulisho, na risiti ya kodi. Na asiye na risiti, aanze leo kumdai mwenye nyumba risiti. Hiyo ni haki hata pasipo daraja.

JE, KARATASI HUSHINDA?

Wako watakaosema: haya ni maneno tu, serikali ikitaka barabara itajenga. Twawapa mifano miwili ya kweli, mmoja wa barabara, mmoja wa hapa pwani.

Serikali ya Tanzania ilipanga barabara kuu ya kuvuka kaskazini mwa mbuga ya Serengeti. Shirika moja la kutetea wanyama lililo Nairobi lilipeleka shauri katika Mahakama ya Afrika ya Mashariki, Arusha. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kuvuka mbuga ile kungevunja Mkataba wa Jumuiya. Barabara ile ilizuiwa ikiwa bado ni mpango.

Mfano wa pili ni Lamu. NEMA ilitoa leseni mwaka 2016 kwa kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Watu wa Lamu walikwenda katika Baraza la Taifa la kusikiza rufani za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza likaifuta leseni ile. Sikilizeni sababu moja kubwa. Mikutano ilifanyika, ndiyo. Lakini ilifanyika mwanzoni, kabla ya uchunguzi kwisha. Watu walipewa maneno ya jumla, na kitabu kilipotoka hawakupewa nafasi ya kweli ya kukisoma na kukijibu. Baraza lilisema huko si kushirikisha wananchi. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Tulikwisha kuja kuwaeleza," muulize, "Mlikuja kabla ya kitabu au baada ya kitabu?"

Watu wa Lamu hawakushinda kwa kuwa wengi. Walishinda kwa kuwa waliweka kumbukumbu: tarehe ya mkutano, nani alikuwapo, nini kilisemwa, nini hakikusemwa. Chama cha wafanya kazi kinajua kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Ni kazi ile ile tufanyayo tunapompeleka tajiri mbele ya mahakama ya kazi.

Tena Katiba, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 chasema aendaye mahakamani kwa haki hiyo hana haja ya kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Wala leseni ikishatolewa mambo hayajafungwa. Rufani kwa Baraza hupelekwa ndani ya siku 60. Mradi ukibadilishwa sana baada ya leseni, NEMA yaweza kuagiza uchunguzi mpya. Na daraja likaalo katika mipango miaka mingi hubadilika: mstari husogezwa, njia panda huongezwa, bei hupanda. Kila badiliko ni mlango mwingine kwa mtu aliye macho.

TUNALOOMBA MATAWI YAFANYE

Tumekwisha kusema ya kutosha, sasa kazi. Kamati yaomba kila tawi lifanye haya:

1. Lichague watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, ambao kazi yao ni kusoma matangazo ya Gazeti la Serikali na ya magazeti mengine juu ya barabara na ardhi, na kuleta habari katika ofisi ya chama kila wiki.

2. Liandike orodha ya wanachama wakaao Likoni, Mtongwe na sehemu za kisiwa zilizo karibu na kivuko: wenye nyumba, wenye nyumba bila kiwanja, na wapangaji. Orodha ibaki ofisini, isionyeshwe mtu asiye wa chama bila idhini ya wenyewe.

3. Lihesabu kwa muda wa wiki moja wanachama wangapi huvuka kwa miguu, wangapi kwa matatu, saa ngapi, na wangojea dakika ngapi. Hesabu yetu wenyewe yafaa kuliko malalamiko mia. Katika kitabu cha wataalamu, hesabu hujibiwa kwa hesabu. Malalamiko hujibiwa kwa sentensi moja ya adabu.

4. Lizungumze na wasio wanachama: mama wa mahamri, wachukuzi wa mikokoteni, wavuvi, madereva wa tuktuk. Hawana kadi ya chama, lakini barua yetu pasipo wao ni nusu ya barua.

5. Likusanye maswali. Kamati imekwisha kuandika matano ya kwanza: Je, feri ya watu wa miguu itaendelea bila malipo? Je, mtu wa miguu na wa baiskeli watakuwa na njia katika daraja, tena salama wakati wa upepo? Je, gari la abiria litatozwa ushuru wa daraja, na nani ataulipa mwishowe kama si abiria? Je, mpangaji na mchuuzi watahesabiwa na kulipwa nini? Je, wafanya kazi wa feri wamewekewa mpango gani kwa maandishi?

Na liko la sita, ambalo ni letu kama chama. Kazi za ujenzi zitapewa nani, kwa mshahara gani, na chini ya mkataba gani? Isije ikawa tumeambiwa tuhame nyumba zetu kwa ajili ya maendeleo, kisha tukaajiriwa vibarua wa siku katika maendeleo hayo hayo, bila kofia ya chuma wala kiatu.

Mtu asiogope kwamba hajui kuandika Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba yetu. Barua ya Kiswahili iliyotiwa sahihi na kupigwa mhuri wa kupokelewa ni barua kamili. Bali mhuri msiusahau. Pelekeni nakala mbili, moja waache nayo, moja rudini nayo ikiwa na mhuri na tarehe.

Ndugu wafanya kazi, sisi ndio tupakuao saruji na chuma katika meli. Hakuna daraja litakalojengwa katika mji huu ambalo mizigo yake haikupita mabegani mwetu au chini ya kreni zetu. Si haki tulijue daraja hilo kwa uzito wake tu. Tulijue pia kwa mchoro wake, wakati mchoro ungali waweza kufutwa na kuchorwa tena.

Fomu za hesabu ya wavukao ziko kwa makatibu wa matawi. Zijazwe na kurudishwa ofisini kabla ya mkutano ujao, maana hesabu hiyo ndiyo itakayoanza barua yetu.